Dua Baada ya Msiba: Inamfikia Nani, na Inamdai Nani?

Habari ya msiba siku hizi hutufikia kwa simu kabla haijaletwa na mtu. Hujamaliza kusoma kilichotokea, chini yake zimeshapangana "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" thelathini au arobaini, nyingine zikiwa zimenakiliwa tu kutoka kwa aliyetangulia, na baada ya nusu saa mazungumzo ya kundi yamesharudi kwenye bei ya karafuu. Ndipo kijana mmoja, aghalabu aliye mbali na nyumbani, anapouliza swali ambalo wazee huliona la utovu wa adabu: dua zote hizi zinasaidia nini? Mimi sioni kama swali hilo lina utovu wowote. Kasoro yake ni kwamba limefungasha mambo kadhaa ndani ya neno moja, kwa hiyo kila anayelijibu hulijibu lile alilolishika yeye, na wabishani huachana wakiwa wamekasirikiana bila ya kuzungumzia kitu kimoja.

Sisi wa Unguja na Pemba tuna sababu ya kulifungua furushi hilo kwa uangalifu. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa imetoka bandari ya Malindi kuelekea Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita siku kumi tu, watu wakirudi majumbani na wanafunzi wakirudi masomoni. Chombo kilichosajiliwa kubeba watu mia sita na kitu kilikuwa, kwa hesabu ya tume iliyoundwa baadaye, na watu zaidi ya 2,400, na orodha ya abiria iliyokuwapo haikulingana na waliokuwamo. Miili 203 ilipatikana. Zaidi ya watu elfu moja hawakuonekana tena, na waliosalimika walisimulia kwamba waliokolewa na magodoro, yaani mizigo ya kibiashara iliyoelea wakati meli inageuka. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na kwa majuma kadhaa hapakuwa na msikiti ambao haukuinua mikono kwa ajili ya waliozama. Ukitaka kujua kama dua baada ya msiba ni kitu au si kitu, msiba ule ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu namna zote za dua zilikuwapo kwa pamoja, na kila moja ilikuwa na mwenyewe.

Namna ya kwanza ni taazia, na hii ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Maneno yake ya asili, ambayo wengi wetu huyasema kwa Kiarabu bila ya kuyatafakari, ni kumwomba Mwenyezi Mungu amzidishie mfiwa ujira, ampe faraja njema, na amghufirie maiti wake. Yahesabu maombi hayo: ni matatu, na mawili kati yake ni ya aliye hai. Taazia haijaribu kumrudisha aliyekufa, wala haidai kuyabadilisha yaliyokwisha kutokea, kwa hiyo anayeidharau kwa kuwa "haibadilishi kitu" ameipima kwa kipimo cha kitu kingine. Kazi yake ni kumpa mfiwa mashahidi. Mtu aliyefikwa na jambo zito huhitaji kusikia kutoka vinywani mwa wenzake kwamba jambo hilo ni zito kweli, na huhitaji kulisikia kutoka kwa wengi, mmoja baada ya mwingine, wakipita na kumpa mkono.

Katika mkono huo kuna kingine. Ubani ni ule utomvu tunaoufukiza chetezoni, lakini mtu wa visiwani akikwambia kwamba amepeleka ubani katika nyumba ya msiba, hakusudii moshi. Anakusudia noti iliyokunjwa mara nne, ikapita kutoka kiganja hadi kiganja pale pale anapotamka "Mungu akupeni subira", bila ya yeyote kuiangalia. Lugha yetu yenyewe, bila ya kuitisha mkutano wa wanazuoni, imekataa kuitenganisha dua na msaada; imevipa harufu moja. Asili yake katika dini nayo iko wazi. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume hakuagiza watu waende kuwasomea jamaa zake tu, bali alisema wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Sufuria kubwa za mtaa, majamvi yanayotandikwa uwanjani, na wale vijana wanaokata kuni bila ya kutumwa, vyote hivyo ni tafsiri ya hadithi hiyo.

Namna ya pili ni dua kwa ajili ya maiti. Hapa asiyeamini hana la kuuliza wala muumini hana la kuthibitisha, kwa sababu anayeambiwa dua hiyo si sisi. Kinachopingwa miongoni mwetu sisi wenyewe ni sura yake tu: wapo wanaosema kwamba hitma (kuisoma Qurani yote kwa ajili ya maiti), tahlili (kukariri "la ilaha illa llah") na kisomo cha arobaini ni uzushi usiokuwa na asili, na wapo wanaosema kwamba ni wema uliorithiwa. Ugomvi huo umekwisha kuandikiwa na kusemewa vya kutosha, nami siuongezi kuni. Itoshe kusema kwamba pande zote mbili zinakubaliana juu ya ile hadithi ya amali za mwanadamu kukatika anapokufa isipokuwa kwa mambo matatu, na mojawapo ni mtoto mwema anayemwombea.

Lakini ipo dua moja ya maiti ambayo msiba wa baharini huigeuza kuwa kitu kigumu mno, nayo ni sala ya ghaibu. Mtume alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, yeye akiwa Madina na maiti akiwa ng'ambo ya bahari. Kutokana na tukio hilo madhehebu ya Shafii na Hanbali yamejuzisha kumsalia asiyekuwapo mbele ya wanaosali, wakati Hanafi na Maliki hawakuona hivyo. Kwa kuwa wengi wetu Zanzibar ni Mashafii, hapana kizuizi cha fikihi, yaani cha sheria za dini: watu husimama safu, imamu hupiga takbira nne, hapana rukuu wala sijida, na dakika chache baadaye imekwisha. Sharti lake moja, hata hivyo, ni zito kuliko urefu wake. Huwezi kumsalia mtu sala ya maiti ila umeshakubali kwamba amekufa.

Mwaka ule, katika kijiji kimoja kisichokuwa mbali na Wete, nilishuhudia mama mmoja akimzuia maalimu mlangoni. Mwanawe alikuwa amepanda meli ile. Hakuwamo katika waliookolewa wala katika waliozikwa. Watu wa msikitini walikuwa wamekuja kwa nia njema kupanga kisomo na sala ya ghaibu, na maalimu alikuwa ameshaanza kueleza fadhila za aliyekufa maji, kwamba huhesabiwa katika mashahidi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa sauti ya chini: "Maalimu, nimekusikia. Lakini msinimalizie mwanangu kwa mdomo." Maalimu hakubishana naye. Alikunja kanzu, akakaa juu ya jamvi pamoja na wengine, akanywa kahawa, akaondoka bila ya kusoma chochote. Nadhani hiyo ndiyo taazia nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona.

Alichokijua mama yule ni kile ambacho anayesema kwamba dua ni maneno matupu hakijui. Maneno matupu hayaogopwi. Sala ya ghaibu ni kauli yenye matokeo: baada yake mke huanza kuulizwa juu ya eda yake, ule muda wa mjane kungoja wa miezi minne na siku kumi, ndugu huanza kuzungumza mirathi, na nguo za marehemu hutolewa sadaka. Kisheria, si sala inayomfanya aliyepotea awe maiti. Jambo hilo ni la kadhi, ambaye huangalia dalili na kuhukumu, na meli iliyozama usiku katika maji makuu ni dalili nzito. Katika uso wa jamii, hata hivyo, sala hutangulia hukumu, na familia nyingi zilizokuwa na watu wao chini ya mkondo wa Nungwi zililazimika kuchagua zenyewe siku ya kumfisha mtu wao. Wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini hawakuweza kuifikia meli kwa kina ilicholala. Baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kungoja isipokuwa moyo kukubali.

Wapo wanaotaka swali hili lijibiwe kwa vipimo, na vipimo vimekwisha kufanywa. Mwaka 2006 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusu wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo katika hospitali sita. Baadhi yao waliombewa na watu wasiowajua, na baadhi hawakuombewa. Kuombewa hakukupunguza matatizo baada ya upasuaji. Wale walioambiwa kwa yakini kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, asilimia 59, wakilinganishwa na asilimia 52 ya walioombewa bila ya kuhakikishiwa. Huenda walihisi kwamba hali yao ni mbaya kuliko walivyoambiwa. Utafiti mwingine, wa mwaka 2019, uliwauliza waathirika wa kimbunga Florence cha North Carolina thamani ya kuombewa, kwa dola. Wakristo walikuwa tayari kutoa kiasi cha dola 7.17 ili padri awaombee, na wasioamini walikuwa tayari kutoa dola 1.66 ili asiwaombee. Mpemba akisikia kwamba dua imepigiwa bei hadi senti atacheka, kisha huenda akakumbuka bahasha ya maalimu na kunyamaza. Tafiti hizi zina faida, lakini zote mbili zimeiondoa dua mahali pake: ya kwanza imeifanya dawa, ya pili imeifanya bidhaa, na katika zote mbili anayeomba na anayeombewa hawajuani. Dua ya nyumba ya msiba hutoka kwa mtu ambaye kesho utakutana naye kisimani.

Namna ya tatu ndiyo yenye hatari, nayo ni dua inayotoka katika mdomo wa mtu ambaye msiba unamhusu kwa njia nyingine. Tuna msemo kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Jirani akimwambia mfiwa maneno hayo huku amemshika mkono, ni faraja, na sioni wa kumlaumu. Maneno hayo hayo yakisemwa na aliyepakia watu karibu mara nne ya kiwango, au aliyekuwa na mamlaka ya kuizuia meli isiondoke akaiachia, huwa ni utetezi uliovalishwa kanzu. Sentensi haikubadilika hata herufi. Aliyebadilika ni msemaji, na pamoja naye imebadilika kazi inayofanywa na sentensi. Ndiyo maana sipendi swali la kama dua ni tupu au si tupu liulizwe bila ya kutajwa aliyeiomba.

Haifai kuisingizia dini hapa, kwa sababu dini imelisema jambo hili kwa ukali kuliko wanaoikosoa. Halifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham na akasikia kwamba kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu: ndiyo, tunakimbia kutoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Hadithi ya ngamia, kwamba mfunge kwanza kisha utawakali, yaani umtegemee Mungu, tumeisikia wote tangu chuoni, hata imechakaa kwa kutajwa; ila tunapoitaja huwa tunamwambia mwenye ngamia, na abiria wa boti si mwenye ngamia. Kamba haikuwa mikononi mwake. Aliyekata tiketi yake Malindi usiku ule alikuwa ameshafanya yote yaliyokuwa juu yake, na kuiambia familia yake baada ya hapo kwamba walipaswa kuchukua tahadhari ni kuidai deni isilokopa.

Kuhusu toba, wanazuoni wameweka masharti matatu: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Kosa likiwa limegusa haki ya mwanadamu mwingine, huongezwa la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kuomba msamaha wake. Aya ya 92 ya Sura ya Nisaa, inayozungumzia kuua kwa kukosea, haikumwambia aliyeua aombe dua tu. Imemtaka atoe diya, yaani fidia ya damu, kwa watu wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na kafara ambayo kwa asiyeweza kuacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Mimi si mufti na simhukumu mtu kwa aya hiyo. Ninachokionesha ni mpangilio wa mambo: katika fikihi yetu wenyewe dua haijawahi kupewa nafasi ya kulipa deni la watu, na anayedhani kwamba ukosoaji wa dua zisizo na uwajibikaji umeletwa na wageni wasioamini hajaifungua Nisaa. Kwa ndugu zetu Wakristo wa makanisa ya Mkunazini na Minara Miwili mambo ni hayo hayo. Waraka wa Yakobo unamzungumzia anayemwambia aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, pasipo kumpa chochote, kisha unauliza: yafaa nini?

Mabishano tunayoyaona mitandaoni kwa kiasi kikubwa yamezaliwa Marekani, ambako viongozi, kila baada ya watu kupigwa risasi shuleni au sokoni, walikuwa wakitoa "mawazo na sala" zao. Mwaka 2015, baada ya mauaji katika chuo kimoja cha Oregon, Rais Barack Obama alisema hadharani kwamba mawazo na sala hazitoshi. Hakusema kwamba ni upuuzi. Alisema kwamba haziwezi kusimama mahali pa sheria, akiwa yeye na wabunge ndio watunga sheria wenyewe. Tukiyachukua mabishano hayo kwa jumla na kuyatupa juu ya bibi wa Micheweni anayevuta tasbihi kwa ajili ya watoto wa watu, tunakuwa tumemkosea adabu bure, maana bibi huyo hana bunge lolote la kuitisha. Tasbihi ndiyo aliyonayo, na ameitoa.

Kwetu, mtihani ulikuja mapema. Tarehe 18 Julai 2012, miezi kumi baada ya dua za Septemba, na siku chache kabla ya Ramadhani, boti ya MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, nayo pia ikiwa na watu zaidi ya uwezo wake, katika upepo mkali. Dua za mara ya pili zilisomwa na watu wale wale kwa maneno yale yale, lakini nakumbuka kwamba sauti za "amina" zilikuwa na kitu kingine ndani yake. Safari hii waziri aliyehusika na mawasiliano na miundombinu alijiuzulu, na hatimaye serikali ilinunua meli mpya ya MV Mapinduzi II, yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200, iliyowasili mwishoni mwa mwaka 2015. Kama mambo hayo yametosha au hayakutosha ni mjadala mwingine, lakini yalikuwa ya aina ambayo wenye mamlaka peke yao wanaweza kuyatoa, kama vile jirani peke yake anavyoweza kutoa sufuria.

Kuna sura fupi ambayo karibu kila mtoto wetu huihifadhi mapema, na inawataja wanaosali kwa neno "ole". Makosa yao yametajwa: wanaghafilika na sala zao, wanafanya riya, yaani kujionesha, na wanazuia "maun". Ibn Masud, swahaba wa Mtume, alipoulizwa maun ni nini, alitaja vitu kama shoka, chungu na ndoo, yaani vile vyombo ambavyo majirani huazimana. Sura nzima imepewa jina la vyombo hivyo. Sala iliyopewa onyo kali kiasi hicho haikulaumiwa kwa kukosa matamshi sahihi au kwa kutojibiwa. Imelaumiwa kwa kuwa mwenye kusali alikuwa na ndoo nyumbani na akaizuia. Kwa msingi huo swali la kumuuliza mtu aliyeinua mikono baada ya msiba ni moja tu, nalo ni swali la mtaani: kwako kuna nini cha kuazimwa?

Yule mama wa karibu na Wete alikubali baada ya wiki kadhaa. Sala ya ghaibu ilisaliwa Ijumaa, na jioni yake ikafanywa hitma. Wasiowahi kuhudhuria wajue kwamba msahafu wa hitma huwa umegawanywa vijitabu thelathini, kila kijitabu juzuu moja, vikiwa ndani ya sanduku la mbao. Kila aliyekaa huchukua kimoja, wote husoma kwa pamoja kwa sauti ya nyuki, na katika muda wa nusu saa Qurani yote imekwisha. Dua ikasomwa, halua ikapita, watu wakaanza kuvaa viatu. Kijana aliyekuwa akirudisha juzuu sandukuni akahesabu, akahesabu tena, akasema ishirini na tisa. Watu wakasimamishwa. Walioshafika barabarani wakaitwa, majamvi yakainuliwa, kila mtu akapapasa mifuko ya kanzu yake, na maalimu akakataa katakata kulifunga sanduku. Ilichukua muda mrefu kuliko kisomo chenyewe, mpaka juzuu ya kumi na saba ilipopatikana kwa mzee mmoja aliyeisahau kwapani.

Mama yule alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake kichwani, akitazama.

"Juzuu mnazihesabu," alisema.

Maalimu aliiweka ile ya kumi na saba mahali pake, akafunga sanduku, asimjibu.